Uchoraji wa ramani ya maporomoko, pwani ya Malta

Uchoraji wa ramani ya maporomoko katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Malta ni kazi ya kubainisha maumbo ya ardhi na mahali miamba inapohama. Kisiwa hiki cha Mediterania kimeundwa zaidi kwa mawe ya chokaa yaliyojengeka baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Chanzo cha hatari ni mpangilio wa tabaka: juu kuna chokaa ngumu yenye nyufa nyingi, chini yake udongo laini wa mfinyanzi, wa rangi ya buluu na kijivu. Mvua hupenya nyufani na kuulowesha udongo huo. Nao hulegea na kubonyea, na chokaa iliyo juu hupasuka, kisha mapande makubwa kama nyumba huteleza polepole kuelekea baharini. Kwenye pwani hiyo, hali hii huonekana wazi katika maeneo ya Il-Qarraba na Għajn Tuffieħa.

Watafiti wa Malta na Italia walichapisha ramani ya kina ya pwani hiyo mwaka 2012. Walitumia picha za angani na uchunguzi uliofanywa kwa miguu, na mwendo wa mapande hupimwa kwa setilaiti. Ramani inayoishia ufukweni haitoshi, kwa kuwa mapande mengine yamelala chini ya maji.

Si kila anguko la pwani hutokana na udongo huo: tao la mwamba la Azure Window, kisiwani Gozo, lilianguka tarehe 8 Machi 2017 wakati wa dhoruba. Hilo halikubebwa na udongo wa mfinyanzi. Lililiwa na mawimbi.