Raha iliyopotea barabarani nayo ni hasara

Nimetoka zamu ya usiku, chai iko mezani, mtoto bado kalala. Ngoja niandike kabla hajaamka.

Kwenye huu mfululizo wetu wa ajali tumeshaongelea kutoa huduma ya kwanza, kumbeba majeruhi bila kumvunja zaidi, na PF3. Leo nawaletea historia. Msikimbie! Ni historia inayogusa mfuko wako na mwili wako.

Nianze na mama mmoja. Nimebadilisha vitu vidogo asijulikane. Alipanda mchomoko akitoka mnadani, huku njia ya Kakola. Gari likapinduka, mguu ukavunjika juu ya goti. Akakaa na hogo, akaja na magongo, mwisho akatembea. Kwenye faili tukaandika: amepona.

Siku ya mwisho akanambia, "Nesi, mguu umepona lakini mimi sijapona. Kwaya nimeacha, siwezi kusimama ibada nzima. Mbina ya mavuno nilikaa kwenye kigoda nikiwashikia wenzangu viatu. Mtoto ananyoosha mikono nimbebe mgongoni, namwambia nenda kwa dada. Hivi hili nalo lina fidia, au ni majaliwa tu?"

Nikamuuliza alilipwa nini. Akasema upande wa mwenye gari walikuja nyumbani wiki ya pili, wakalipa bili ya hospitali, wakaongeza hela ya pole na mfuko wa mchele. Akaweka dole gumba kwenye karatasi. Hakusomewa.

Swali lake lilininyima usingizi. Nikaanza kusoma, na kumuuliza ndugu yangu aliyesomea sheria. Nilichokuta ni kwamba sheria imehangaika na swali la huyu mama kwa karibu miaka elfu mbili.

*ROMA: MWILI HAUNA BEI*

Zamani kabisa, karne ya 2, kulikuwa na mwanasheria wa Kirumi akiitwa Gaius. Aliandika kuhusu mtu huru aliyeumizwa na kitu kilichotupwa kutoka dirishani. Hakimu ahesabu nini? Gaius akasema: malipo ya mganga na gharama nyingine za matibabu, na siku za kazi zilizopotea. Kovu na kuharibika sura visihesabiwe, kwa sababu mwili wa mtu huru hauwezi kupangiwa bei.

Ukisikia haraka, ni maneno ya heshima. Mtu si ng'ombe, hana bei. Lakini angalia matokeo yake, mama. Kwa kuwa mwili hauna bei, aliyekuharibia mwili analipa bili ya mganga na vibarua ulivyokosa, basi. Ni ileile hesabu aliyoletewa mgonjwa wangu nyumbani, pamoja na mfuko wa mchele.

*TRENI ZA UINGEREZA*

Tuvuke miaka mingi. Uingereza ya karne ya 19 imejaa reli, na ajali zimejaa vilevile. Kabla ya hapo, mtu akiuawa kwa uzembe wa mwingine, mke na watoto hawakuwa na haki ya kudai chochote. Mwaka 1846 Bunge lao likatunga sheria ya ajali za vifo, ndipo familia ikaanza kudai. Ila ilidai riziki tu: marehemu alikuwa analeta shilingi ngapi nyumbani?

Mwaka 1879 ikaja kesi ya daktari mmoja, Phillips, aliyeumia kwenye treni. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa pauni 7,000. Majaji wakasema ni ndogo mno, kesi ikasikilizwa upya, akapewa pauni 16,000. Katika kesi hiyo majaji walipanga vizuri mambo ya kuhesabu: jeraha lenyewe, maumivu, athari kwa afya, gharama, na kipato. Maumivu yameingia kwenye orodha, tumesogea hatua. Lakini kilichofanya fidia iwe kubwa vile ni kwamba alikuwa daktari mwenye kipato kikubwa sana.

Sasa jiulize. Angekuwa mama wa nyumbani, asiye na karatasi ya mshahara, wangehesabu nini?

*MAMA ALIYEKUWA ANAENDA KUTEMBEA*

Tarehe 17 Agosti 1896, London, mama mmoja aitwaye Bridget Driscoll aligongwa na gari kwenye viwanja vya Crystal Palace, akafa. Ndiye mtembea kwa miguu wa kwanza anayejulikana kuuawa na gari Uingereza. Alikuwa na miaka 44, yuko na binti yake, wanaenda kwenye sherehe. Hakuwa akienda shambani wala kazini. Ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Uchunguzi ukasema ni bahati mbaya. Aliyeusimamia alisema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena. Jamani! Mimi kila nikiona majeruhi wanashushwa usiku nawaza yale matumaini yake.

Magari yakaongezeka, na wengi waliogonga hawakuwa na hela ya kulipa. Mwaka 1930 Uingereza ikalazimisha kila gari liwe na bima ya kumlipa mtu wa tatu, yaani wewe uliyegongwa au kuumizwa, maana bima ya kwanza kufikiriwa ni ya mwathirika, siyo ya bati la gari. Sheria ya namna hiyo ikaletwa Tanganyika kabla ya Uhuru, na mpaka leo tunayo: Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169.

*ILIVYOFIKA KWETU*

Wajerumani walipoondoka, Mwingereza akatangaza mwaka 1920 kwamba mahakama za Tanganyika zitafuata kanuni za mahakama za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai mwaka huo, kwa kadiri hali ya watu wa hapa inavyoruhusu. Tarehe hiyo ingali kwenye sheria zetu. Ndiyo maana mama wa Bugarama akidai fidia leo, ndani ya madai yake kuna mawazo yaliyoanza kwenye treni za London.

Baada ya tarehe hiyo, hukumu za kwao hazitufungi, ila mahakama zetu huzisoma na kuzipima. Na moja ni ya kujua. Mwaka 1959 mama mmoja wa miaka 41 aliumia vibaya kwenye ajali ya barabarani. Akapooza mikono na miguu, hawezi kuongea, ubongo umeumia. Ndugu zake aliwatambua. Waliodaiwa wakasema: huyu haelewi vizuri alichopoteza, kwa nini alipwe kingi?

Kesi ikapanda hadi mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ikaamuliwa mwaka 1963 (West dhidi ya Shephard). Majaji watatu kati ya watano wakakubali alipwe pauni 17,500. Sababu yao: maisha aliyokuwa anaishi yameondolewa kweli, ajue au asijue. Kupata maumivu ni jambo moja, kupoteza maisha ya kawaida ni jambo lingine, na lina hesabu yake. Wawili walipinga, na hoja zao hazikuwa za kijinga: hela hiyo ataitumiaje? Lakini kura zikasimama hivyo.

Linganisha na yule daktari wa 1879. Yule alilipwa hasa kwa sababu ya alichokuwa anaingiza. Huyu mama alilipwa kwa sababu alikuwa anaishi.

Hapa Tanzania wanasheria huliita hilo kupoteza raha za maisha. Linakaa pamoja na maumivu na mateso kwenye kile kinachoitwa fidia ya jumla. Bili za hospitali, nauli, na mshahara ni fidia mahususi, na hizo lazima zitajwe moja moja na kuthibitishwa. Fidia ya jumla hakimu anaipima kwa busara yake. Ila busara hiyo inahitaji kitu cha kupimia. Hapo ndipo tunapokwama.

*TURUDI BULYANHULU*

Bulyanhulu ya babu zetu ilikuwa ng'ombe, pamba, na wachimbaji wadogo. Mgodi mkubwa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2001. Barabara zikajaa malori, magari ya abiria, baadaye bodaboda, ambazo kanuni za kuzipa leseni ya biashara zilikuja mwaka 2010.

Mfanyakazi wa ajira rasmi akiumia kazini, leo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Ni mfuko mzuri, unahesabu kwa mshahara na kiwango cha ulemavu. Lakini hesabu yake ni ya kazi. Mama aliyetoka mnadani hayumo humo. Njia yake ni kumdai aliyesababisha ajali, na bima ya gari lile.

Na sisi Wasukuma tusijifanye hatujui raha ni nini. Baada ya mavuno, Wagika na Wagalu wanashindana kwa mbina, kijiji kizima kinahama kwenda uwanjani. Mtu anakumbukwa miaka thelathini kwa namna alivyocheza. Kwetu mbina haijawahi kuwa kitu cha ziada. Sasa ikifika ajali, mbona tunaona aibu kusema, "Nilikuwa nacheza, sasa siwezi"? Tunaona kama tunadeka. Tunataja mguu, tunataja bili, tunanyamaza.

Na mimi nijilaumu. Faili la yule mama niliandika "amepona". Sikuandika hawezi kupiga magoti, hawezi kusimama saa moja, hawezi kubeba mtoto. Hakimu akisoma faili langu ataona mama mzima. Siku hizi nauliza kila majeruhi kabla hajaruhusiwa: kabla ya ajali ulikuwa unafanya nini kwa furaha yako, na sasa unaweza? Jibu naliandika.

*FANYA HAYA, MAMA*

1. Ripoti polisi, chukua PF3, weka namba ya gari. Siku hizi uhalali wa bima unaangaliwa kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA.

2. Nunua daftari la shule. Kila wiki andika tarehe na kitu ulichoshindwa: kwaya, mbina, kusuka, kulima bustani, kwenda kikoba, kucheza na watoto. Mistari miwili inatosha. Asiyejua kuandika, mtoto wa darasa la tano amwandikie.

3. Tunza picha na video za kabla ya ajali. Ile video ya harusi uliyokuwa unacheza ni ushahidi. Mwalimu wa kwaya na jirani ni mashahidi.

4. Rudi kliniki hata kama maumivu ni ya kuvumilika, useme usichoweza, kiandikwe. Usiongeze chumvi. Uongo mmoja unaharibu ukweli kumi.

5. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ya "tumemalizana" kabla hujasomewa na hujajua mwili utaishia wapi. Kupatana si vibaya, ni desturi njema. Lakini karatasi hiyo mara nyingi inafunga mlango wa kudai tena. Hela ya pole pokea kama pole, iandikwe hivyo.

6. Usikae sana. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka mitatu kwa kawaida. Muone mwanasheria au wasaidizi wa kisheria, wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao ni bure. Mkishindwana na kampuni ya bima, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Na ujue: kama nawe ulichangia ajali, fidia hupungua kwa sehemu yako.

Mtaniuliza, hela itamrudishia yule mama mbina? Hapana. Gaius alikuwa sahihi kwamba mwili hauna bei. Ila kusema hauna bei kusiwe sababu ya kulipa mchele. Hela ingemlipa dada wa kumsaidia nyumbani, ingemlipia mazoezi ya viungo mjini, ingemnunulia kiti cha kukalia akiimba. Na zaidi ya hela, kungekuwa na karatasi yenye mhuri inayosema alichopoteza kilikuwa kitu.

Yule mama nimemwelekeza kwa msaidizi wa kisheria, aipeleke karatasi yake isomwe. Miaka mitatu haijafika. Daftari ameshaanza. Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa binti yake, umeandikwa: "Leo mama ameshindwa kumbeba Kulwa."

Mtoto wangu ameamka, naishia hapa. Sehemu ijayo: mtoto aliyegongwa akienda shule, nani anamdaia. Mtumie huu ujumbe mama mmoja mwenye magongo.