Gari dogo la kwenda kazini Kampala: Bei ya bondi si gharama ya gari

KAMPALA – Mfanyabiashara anayeishi Mukono, Kira au Wakiso na kufungua duka Kikuubo kila asubuhi hufika siku moja akachoka na foleni ya teksi na hatari ya boda boda. Huanza kutafuta gari dogo, na swali lake la kwanza ni bei. Lakini bei inayotajwa na dalali wa bondi ni sehemu moja tu ya hesabu. Kodi, mafuta, spea na fedha zitakazorudi siku ya kuuza ndivyo vinavyoamua kama gari litamsaidia au litakula mtaji wa duka.

Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo inavyofanywa, magari yanayochaguliwa zaidi, na mambo ya kukagua kabla ya kulipa.

Gari linakotoka

Uganda huendesha upande wa kushoto wa barabara, na kwa hiyo usukani wa gari huwa kulia, kama Japani. Hiyo ni sababu moja kubwa ya magari mengi yaliyotumika ya Kampala kuwa ya Kijapani. Hupakiwa melini Japani, hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, kisha huingia Uganda kupitia Malaba, Busia au Mutukula. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100.

Mnunuzi ana njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza mwenyewe Japani kwa intaneti na kumpa wakala wa forodha kazi ya kulitoa. Ya pili ni kununua katika bondi, yaani ghala la forodha ambamo gari hukaa bila kulipiwa kodi mpaka apatikane mteja. Ya tatu ni kununua gari ambalo tayari lina namba za Uganda kutoka kwa mwenyewe.

Kuagiza kunaweza kupunguza faida ya mtu wa kati, lakini fedha hutoka mapema na gari halionekani mpaka lifike. Bondi ni ghali zaidi, ila mnunuzi analiwasha na kuliangalia. Gari la mkononi lina bei ya chini kuliko yote, na ndilo linalohitaji macho makali kuliko yote.

Umri wa gari na kodi

Sheria ya marekebisho ya usafiri na usalama barabarani ya mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu lilipoundwa. Sheria hiyo pia iliweka tozo ya mazingira ya asilimia 50 kwa gari la abiria lililopita miaka 8. Tozo hiyo huhesabiwa kwa thamani ya gari pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ambayo hujulikana kama CIF.

Juu ya tozo hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 18 inayohesabiwa kwa CIF pamoja na ushuru, kodi ya zuio ya asilimia 6, na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Ada za usajili na za wakala ziko nje ya hesabu hii.

Mfano ufuatao ni wa kuonyesha hesabu tu. Gari la kwanza limepita miaka 8 na CIF yake ni shilingi milioni 6 za Uganda. Ushuru ni milioni 1.5, VAT ni milioni 1.35, kodi ya zuio ni 360,000, tozo ya miundombinu ni 90,000, na tozo ya mazingira ni milioni 3. Jumla ya kodi ni milioni 6.3, na gari limefika milioni 12.3.

Gari la pili halijafikia umri wa kutozwa tozo ya mazingira na CIF yake ni milioni 8. Ushuru ni milioni 2, VAT ni milioni 1.8, kodi ya zuio ni 480,000, na tozo ya miundombinu ni 120,000. Jumla ya kodi ni milioni 4.4, na gari limefika milioni 12.4.

Tofauti iliyokuwa milioni 2 kule Japani imebaki shilingi 100,000 Kampala. Hapa ndipo wengi hupotea. Huona gari kuukuu limeandikwa bei ndogo, hulipa, kisha kodi huwafikisha kwenye bei ya gari jipya kuliko hilo.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) haifungwi na bei iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji. Ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika, na ndiyo hutumika kukadiria kodi. Viwango navyo hubadilika, hasa mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai 1. Mnunuzi aombe makadirio ya URA kwa mwaka na aina ya gari lenyewe kabla ya kutuma fedha, si gari likiwa Malaba.

Magari yanayochaguliwa

Toyota Vitz ndiyo gari dogo linalojulikana zaidi. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 1999, kizazi cha pili kikatoka 2005, na cha tatu mwishoni mwa 2010. Mwaka 2020 jina la Vitz liliachwa na gari likaitwa Yaris, jina lililokuwa likitumika kwingine duniani. Kwa kikomo cha miaka 15, Vitz za kizazi cha kwanza haziwezi tena kuagizwa, na za kizazi cha pili zimefikia au kupita kikomo hicho. Zilizoko nchini zinaendelea kuuzwa mkononi. Anayeagiza aangalie kizazi cha tatu.

Toyota Passo ilianza mwaka 2004. Iliundwa pamoja na Daihatsu, ambayo iliiuza kwa jina la Boon. Injini ndogo ya cc 1000 yenye silinda tatu, inayopatikana katika Passo na katika Vitz tangu 2005, ni ileile, aina ya 1KR. Hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Kasoro yake ni kutikisika gari linaposimama kwenye foleni, hasa raba za kushikilia injini zikiwa zimechoka.

Honda Fit, iliyoanza 2001, ina nafasi kubwa ya mizigo ukikunja viti vya nyuma, jambo linalompendeza mwenye duka. Nissan March, Mazda Demio na Suzuki Swift nazo zipo, na mara nyingine bei yake huwa chini ya Vitz ya umri uleule.

Kuhusu ukubwa wa injini, cc 1000 inatosha mtu mmoja au wawili katika barabara za lami. Lakini Kampala ni mji wa vilima ulio karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini hupoteza sehemu ya nguvu zake. Mwenye kubeba watu wanne au mizigo, huku kiyoyozi kikifanya kazi, atafadhaika na cc 1000 na ni heri achukue cc 1300.

Spea na fundi

Nguvu ya Toyota Kampala haiko kwenye gari peke yake. Iko Kisekka, soko maarufu la spea lililo katikati ya mji, na Ndeeba. Spea ya Vitz hupatikana huko mpya au iliyotolewa kwenye gari jingine, na mafundi wanaoifahamu hawatafutwi kwa tochi. Gari lenye bei ndogo ambalo taa yake au boksi la gia lake ni la kuagiza Nairobi au Dubai linaweza kulala gereji wiki nzima, na kwa mfanyabiashara wiki hiyo ina gharama.

Kabla ya kununua gari la aina isiyo ya kawaida, mnunuzi aende Kisekka na kuuliza bei za vitu vitano: shokamzoba, breki pedi, taa ya mbele, rejeta na boksi la gia. Majibu yatamwambia zaidi kuliko maneno ya muuzaji.

Boksi la gia lina tahadhari yake. Honda Fit, Passo ya kizazi cha pili na Vitz nyingi hutumia mfumo wa CVT, ambao hauna gia za kawaida bali mkanda wa chuma. Mfumo huo hutaka oili yake maalumu. Fundi akiweka oili ya gia otomatiki ya kawaida, boksi huharibika, na kulibadilisha kunaweza kumeza faida yote ya kununua gari la bei nafuu.

Mafuta

Mukono hadi katikati ya Kampala ni kilomita 21 hivi. Kwenda na kurudi siku 26 kwa mwezi ni kilomita 1,092. Gari dogo linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 78. Gari kubwa linalokwenda kilomita 9 kwa lita litatumia lita 121. Tofauti ni lita 43 kila mwezi. Ukihesabu lita kwa shilingi 5,000, hiyo ni shilingi 215,000 kwa mwezi, au zaidi ya milioni 2.5 kwa mwaka.

Uganda huagiza mafuta yake ya petroli kutoka nje, na sehemu kubwa hupitia Mombasa. Ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya mwanzoni mwa 2008 zilikata mafuta Kampala, na Januari 2022 mgomo wa madereva wa malori mpakani, uliohusu upimaji wa Covid-19, ulisababisha uhaba na bei kuruka. Wasafirishaji wanalijua hili vizuri. Mwenye gari linalokunywa kidogo huumia kidogo siku kama hizo. Aidha, mwaka 2007 serikali ilifuta leseni ya barabara ya kila mwaka na kuongeza ushuru wa mafuta, maana yake mwenye gari hulipia barabara kila anapojaza tangi.

Barabara

Gari dogo liko chini. Nafasi kati ya ardhi na tumbo la Vitz ni yapata sentimita 14 hadi 15. Kwa anayepita Jinja Road au Northern Bypass hilo si tatizo kubwa. Kwa anayeishi ndani ya barabara za murram, ambazo mvua huzichimba mifereji, tumbo litagusa na bushi na boljointi zitachoka mapema. Huyo atenge fedha za matengenezo ya miguu ya gari kila mwaka, au atafute gari lililoinuka zaidi. Anayetoka Entebbe naye aweke katika hesabu ada ya barabara ya mwendo kasi, iliyoanza kutozwa Januari 2022 kwa shilingi 5,000 kwa gari dogo kwa safari.

Mambo ya kukagua

Namba ya chasisi ilingane na ile ya kwenye kadi ya gari, na herufi zisiwe zimekwaruzwa wala kuchomelewa upya. Mfululizo wa namba za Uganda huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini, hauonyeshi mwaka lilipoundwa. Wauzaji wengi huutumia kama kipimo cha upya wa gari, na mnunuzi asikubali.

Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma. Zilinganishwe na hali ya pedali, usukani na kiti cha dereva, na kwa gari la kuagiza, na karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha ukaguzi kinachotakiwa na Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) kabla gari halijapakiwa.

Gari liwashwe asubuhi likiwa baridi. Moshi wa buluu ni dalili ya injini kula oili. Liendeshwe kilimani na kwenye mashimo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Gari lililoendeshwa lenyewe kutoka bandarini likaguliwe pia tairi ya akiba, jeki na redio.

Kwa gari la mkononi, fedha zisitoke kabla ya kuthibitisha mwenye gari katika daftari la usajili, na umiliki uhamishwe mara moja. Gari linalobaki kwa jina la mtu mwingine linaweza kukamatwa kwa deni lisilo la mnunuzi.

Kuvuka mpaka

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima Uganda kwa sheria ya mwaka 1989. Anayekwenda Kisumu, Kigali au Bukoba na gari lake achukue pia Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo huitambua ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo.

Asiyekuwa na haraka ya kuuza afikirie pia soko la jirani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Rwanda huendesha upande wa kulia. Kwa hiyo Vitz kuukuu ya Kampala soko lake ni Uganda. Hali kadhalika, gari lililolipiwa ushuru Nairobi halihamii Kampala bure, ni lazima litangazwe URA.

Kwa muhtasari, mnunuzi ajumlishe bei, kodi, mafuta ya miaka mitatu na matengenezo, kisha atoe kiasi anachotarajia kupata akiliuza. Gari litakalobaki na jumla ndogo ndilo la bei nafuu, hata kama si hilo lililoandikwa bei ya chini kwenye kioo pale bondi. Na fedha zinazobaki zirudi dukani, kwa sababu bidhaa zilizo kwenye rafu huzaa, na gari lililoegeshwa mchana kutwa halizai.