Nusu Shekeli Chini ya Kila Ubao

Kila mwanamume wa Israeli aliyetimiza miaka 20 alipohesabiwa jangwani Sinai alitoa nusu shekeli ya fedha, uzito usiofika gramu 6. Tajiri alikatazwa kuongeza, maskini alikatazwa kupunguza. Kitabu cha Kutoka kinaeleza fedha hizo zilikwenda wapi, na hesabu yake haipungui hata chembe: wanaume 603,550 walitoa talanta 100 na shekeli 1,775. Kwa zile shekeli 1,775 zilitengenezwa kulabu za nguzo. Talanta 100 ziliyeyushwa zikawa vitako 100: 96 vya kusimamishia mbao 48 za maskani, yaani Hema ya Kukutania, na vinne vya nguzo za pazia lililoficha Sanduku la Agano.

Dhahabu na nyuzi za buluu na za zambarau zilitoka kwa yeyote aliyeguswa moyo, kwa kadiri alivyoweza. Wanawake walisokota singa za mbuzi, na wale waliohudumu mlangoni pa hema wakatoa vioo vyao vya shaba, navyo vikawa birika la kunawia. Vitu vilimiminika hata mafundi wakuu, Bezaleli wa Yuda na Oholiabu wa Dani, wakaelemewa, na Musa akatangaza kambini kwamba basi, inatosha. Msingi, hata hivyo, haukuachiwa wahisani. Mchungaji mwenye mbuzi watatu alikuwa chini ya kila ubao kwa uzito uleule wa mkuu wa kabila.

Maskani yenyewe haikuwa kubwa: dhiraa 30 kwa 10, karibu mita 13.5 kwa 4.5. Madarasa mengi ya shule zetu ni mapana kuliko hapo. Ukuu wake ulikuwa mahali iliposimamishwa: katikati ya kambi.

Kuta za hekalu la Abu Simbel, kusini mwa Misri, zinaonyesha kambi ya Farao Ramesses II katika vita vya Kadeshi, karne ya 13 kabla ya Kristo. Kambi ni ya mstatili, na hema ya Farao imegawanyika vyumba viwili. Katika chumba cha ndani, jina lake limezungukwa na ndege wenye mabawa. Anayeijua Hema ya Kukutania ataona mfanano bila kuonyeshwa: nayo ilikuwa na Patakatifu, kisha nyuma ya pazia Patakatifu pa Patakatifu, ambamo makerubi walitandaza mabawa juu ya Sanduku. Lakini katika kambi ya Israeli hapakuwa na kitanda cha mtu katikati. Musa mwenyewe alilala nje, upande wa mashariki, mbele ya mlango, pamoja na ndugu yake Haruni na wanawe.

Pande tatu zilizobaki zilishikwa na koo za Walawi, wahudumu wa maskani: Wakohathi kusini, Wagershoni magharibi, Wamerari kaskazini. Nje yao yalikaa makabila 12, matatu kila upande, kila kabila kwa beramu yake. Yuda aliongoza mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi, Dani kaskazini. Mtoto aliyepotea jioni alihitaji kujua mambo mawili tu, maskani iko wapi na beramu ya kwao ni ipi.

Utaratibu huo ulionekana vizuri zaidi siku ya kuhama. Wingu lililotanda juu ya maskani likiinuka, tarumbeta mbili za fedha zilipigwa. Kambi ya Yuda ilitangulia, ikifuatwa na Wagershoni waliobeba mapazia na Wamerari waliobeba mbao na vile vitako vizito, kila kimoja karibu kilo 34. Ndiyo maana kati ya magari sita ya kukokotwa na ng'ombe yaliyotolewa na wakuu wa makabila, Wamerari walipewa manne na Wagershoni mawili. Wakohathi hawakupewa hata moja, kwa kuwa Sanduku, meza na kinara vilipaswa kubebwa mabegani. Nao waliondoka nyuma, baada ya kambi ya Reubeni, ili wafike wakute maskani imekwisha kusimama na vyombo vitakatifu visingoje juani. Aliyepanga msafara huo aliujua mzigo wa kila mtu.

Hata tumbo liliingizwa katika ibada. Mana iliokotwa asubuhi, pishi moja kwa kila kichwa. Iliyolazwa iliingia mabuu, isipokuwa ya siku ya sita, iliyookotwa maradufu kwa ajili ya Sabato. Kwa njia hiyo familia ilijifunza juma kwa kula.

Wasomi wanabishana sana kuhusu idadi ya watu. Wanaume 603,550 maana yake ni taifa la watu wapatao milioni mbili, na wachimbaji wa mambo ya kale hawajapata Sinai mabaki ya umati wa namna hiyo. Kitabu cha Hesabu chenyewe kinataja wazaliwa wa kwanza wa kiume 22,273 tu, hesabu ambayo ingemlazimu kila mama kuwa na wana zaidi ya 20. Mapema katika karne ya 20, mwanaakiolojia Flinders Petrie alipendekeza kwamba neno la Kiebrania linalosomwa "elfu" lilimaanisha pia familia au kundi. Wengine huona kwamba makuhani wa karne za baadaye ndio walioipanga kambi hii kwa kalamu, wakilipa taifa lililovunjika picha ya jinsi ya kuishi pamoja. Hema takatifu ya jangwani, hata hivyo, si ndoto. Mwaka 1969, katika bonde la Timna, kusini mwa Israeli, mwanaakiolojia Beno Rothenberg alifukua hekalu dogo la Kimisri ambalo Wamidiani waliligeuza kuwa patakatifu pa kuezekwa kwa kitambaa. Humo alikuta vipande vya nguo nyekundu na za manjano, na nyoka wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu.

Na Midiani ndiko alikotoka Yethro, baba mkwe wa Musa. Alipomwona Musa akiamua kesi tangu asubuhi hata jioni, alimwambia atachoka yeye na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi.

Malalamiko yalikuwapo, na mengine yalisikilizwa. Waliokosa Pasaka kwa kuwa walikuwa wamegusa maiti walipewa Pasaka ya mwezi wa pili. Binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walisimama mbele ya Musa mlangoni pa hema wakidai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana wa kiume, nao wakapewa. Lakini Kora, Mlawi wa Kikohathi aliyetaka ukuhani, alimezwa na nchi.

Sanduku lilikuwa na miti miwili ya mshita iliyofunikwa kwa dhahabu, ya kubebea, na agizo lilikuwa kwamba isitolewe kamwe katika pete zake. Karne nyingi baadaye Sulemani alilijengea Sanduku nyumba ya mawe Yerusalemu, na makuhani wakaliingiza ndani, mahali ambapo halikutarajiwa kuhama tena. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinasema miti ile ilikuwa mirefu, hata ncha zake zikaonekana kwa aliyesimama mbele ya chumba cha ndani.