Chuma Kililipiwa, Maandishi Je?

Ukitaja kompyuta, mtu anafikiria kioo na kibodi. Altair 8800 haikuja na hata kimoja. Ilikuwa sanduku la chuma lenye safu za swichi na vitaa vyekundu usoni, basi. Jarida la Popular Electronics la Marekani liliitoa kwenye jalada la Januari 1975. Kampuni ya MITS ya mjini Albuquerque, chini ya Ed Roberts, iliiuza kwa dola 397 ikiwa vipande vipande, mnunuzi ajiungie mwenyewe.

Sasa jamaa akishalehemu usiku baada ya usiku, alipata nini? Kumbukumbu ya baiti 256 tu. Aya uliyotoka kuisoma sasa hivi isingeenea humo.

Kwa hiyo kazi ilikuwa bado. Ndani ya sanduku mlikuwa na nafasi za kuchomeka bodi, kila nafasi na miguso yake 100. Bodi ya prosesa, Intel 8080, ilikaa kwenye nafasi moja. Zilizobaki ni shauri lako na mfuko wako. Kila bodi ya kumbukumbu ilipewa anwani kwa kuunga vipande vya waya: hii ianzie sifuri, ile ianzie hii inapoishia. Ukizipa mbili anwani moja, zinaitika kwa pamoja kama watu wawili wenye jina moja, na huambulii kitu. Bado bodi ya mawasiliano, ili mashine iongee na teletaipu, ambayo yenyewe iligharimu kuliko kompyuta!

Upande wa programu ndiko kulikokuwa na kasheshe. Ukizima mashine, kumbukumbu yote inafutika. Ukiwasha, unaanza upya kwa vidole: swichi juu ni moja, chini ni sifuri, unahifadhi, unakwenda baiti inayofuata. Baiti ishirini na kitu hivi, zote za kuifundisha mashine namna ya kuipokea programu kubwa. Kisha unapanga swichi za kushoto kuieleza data inaingilia bodi ipi, na utepe wa karatasi wenye matundu unaanza kupita kwenye teletaipu, herufi 10 kwa sekunde. Umekosea swichi moja? Rudi mwanzo.

Programu kubwa hiyo iliitwa BASIC. Bila hiyo, Altair ilikuwa taa za kuwakawaka. Bill Gates na Paul Allen, pamoja na Monte Davidoff aliyeandika sehemu ya hesabu, waliitunga bila kuwa na Altair yoyote, kwenye kompyuta kubwa ya Harvard waliyoifanya ijifanye 8080. Machi 1975 Allen alipanda ndege kwenda Albuquerque na utepe wake. Ikakubali.

Hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. MITS iliuza BASIC kwa bei nafuu kwa aliyenunua na bodi zake za kumbukumbu, na kwa bei ya kuumiza kwa asiyenunua. Na bodi hizo zilisifika kwa ubovu. Kampuni ya Processor Technology ya California ikatoa bodi zilizofanya kazi, watu wakakimbilia huko, BASIC wakaikosa. Juni 1975, MITS ilipofanya maonyesho hotelini Palo Alto, utepe mmoja ukatoweka. Nakala zake zikagawiwa Homebrew Computer Club, klabu iliyozaliwa Machi mwaka huohuo ndani ya gereji mjini Menlo Park. Sharti lilikuwa moja: ukichukua nakala, urudishe zaidi ya uliyochukua.

Tarehe 3 Februari 1976, Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi. Alidai wengi wao ni wezi wa programu. Chini ya asilimia 10 ya wenye Altair, alisema, ndio walionunua BASIC, na ukigawa mapato kwa saa za kazi, hayafiki dola 2 kwa saa. Mbona chuma mnakilipia?

Wapo waliokasirika, na si bure. Walikwisha lipia bodi mbovu, na walikuwa wanagawana ujuzi bila kudaiana. Lakini jibu lililonivutia ni la vitendo. Kupitia People's Computer Company, Dennis Allison alikuwa ameshachora ramani ya BASIC ndogo, Tiny BASIC, na wasomaji wakaandika za kwao na kuzitoa hadharani. Tom Pittman akaandika ya prosesa ya Motorola 6800, akaiuza kwa dola 5. Watu walilipa.

MITS iliuzwa 1977. Kampuni ya Gates na Allen, Microsoft, sote tunajua ilikofika.

Vijana wenzangu tunaoandika, kesi hii ni yetu. Mwenye duka la kutoa kopi analipwa, muuza karatasi analipwa. Aliyekesha na hadithi anaambiwa asante. Gates alikuwa na haki ya kudai jasho lake. Wale wa gereji nao walikuwa na haki ya kukataa kuuziwa maandishi yaliyofungwa kamba kwenye bodi mbovu. Mimi niko na Pittman: kazi nzuri, bei ambayo mwenzako anaiweza, kisha umwamini. Aliyenunua sanduku lile alijua chuma peke yake hakisemi. Aliyekifanya kiseme naye alikuwa na njaa.