Burudani ya baiskeli kando ya maji: Urithi wa farasi waliokokota mashua

KUNA aina ya matembezi ya baiskeli ambayo hayadai misuli ya mwanariadha, baiskeli ya bei ghali wala ujasiri wa kupambana na magari barabarani. Ni matembezi ya kufuata maji: kando ya mto, kuzunguka ziwa au juu ya ukingo wa mfereji uliochimbwa kwa mikono ya binadamu. Barani Ulaya, ambako utamaduni huu umeota mizizi, wazee waliostaafu na wazazi wenye watoto huonekana kila msimu wa joto wakisafiri hivyo kwa siku sita au saba mfululizo, mizigo ikiwa kwenye keria, pasipo hata mmoja wao kujiita mwanamichezo.

Wepesi huo haukuja kwa sadfa. Una sababu mbili: moja ni ya maumbile na ya pili ni ya historia. Anayezielewa zote mbili huweza kuchagua njia inayomfaa, na hutambua pia kwa nini njia za aina hii ni adimu katika nchi nyingi, Kenya ikiwemo.

Maji hayapandi mlima

Mto hauna budi kuteremka, lakini mto mkubwa huteremka polepole mno. Mathalan, Danube upitapo katika mji wa Passau, Ujerumani, huwa takriban mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ufikapo Vienna, mji mkuu wa Austria, baada ya njia ya baiskeli ya kilomita 320 hivi, huwa umeshuka hadi takriban mita 160. Tofauti hiyo ikigawanywa haifiki nusu mita kwa kila kilomita. Mguu wa binadamu hauwezi kuutambua mteremko mdogo kiasi hicho.

Ziwa nalo lina usawa mmoja pande zote, hivyo maadamu mwendesha baiskeli haachi ufuo, vilima atakavyokutana navyo ni vichache.

Mfereji ndio ulio tambarare kuliko vyote. Wahandisi waliugawa katika vipande, kila kipande kikiwa sawa kama sakafu. Panapohitajika kupanda au kushuka, mashua huingizwa katika chumba cha mawe chenye milango miwili. Mlango wa nyuma hufungwa, maji huongezwa au kupunguzwa, na chombo huinuka au kushuka hadi usawa wa kipande kinachofuata. Kwa mwendesha baiskeli, maana yake ni kwamba miinuko ya safari imekusanywa mahali pachache. Husafiri kilomita kadhaa bila kupanda, hukutana na mwinuko mfupi kando ya chumba hicho, kisha tambarare huendelea.

Njia ya farasi

Sababu ya pili ni kwamba njia zenyewe zilikuwapo kabla ya baiskeli kubuniwa. Kabla ya enzi ya injini, tishari lililosheheni mizigo lilihitaji kukokotwa. Lilipofuata mkondo, maji yalisaidia. Lilipopanda mto, kamba ndefu ilifungwa chomboni na kuvutwa kutoka nchi kavu na farasi, ng'ombe au watu. Kwenye Danube, msafara mmoja wa vyombo vya nafaka au divai uliweza kuhitaji makumi ya farasi, na safari ya kupanda mto ilichukua majuma kadhaa.

Ili wanyama hao wapite, ukanda mwembamba wa ardhi ulilazimika kuachwa wazi kando ya maji, bila ua wala jengo la kukwamisha kamba. Nchini Ufaransa, amri ya kifalme ya 1669 iliwalazimu wenye mashamba kando ya mito inayopitika kwa vyombo kuacha ukanda wa upana wa futi 24 za wakati huo, karibu mita nane, kwa ajili ya farasi hao. Uingereza, alama za kazi hiyo zingali zinaonekana: chini ya madaraja ya kale ya mifereji, kona za mawe na vyuma zina mifuo iliyochimbwa na kamba zilizozisugua kwa miaka mingi.

Meli za mvuke zilianza kuwaondoa farasi katika karne ya 19. Kampuni ya meli za mvuke ya Danube iliasisiwa Vienna mnamo 1829. Kisha reli ikafuata. Njia za kukokotea zikapoteza kazi yake, lakini nyingi hazikufungwa, kwani bado zilihitajika kwa ukaguzi na ukarabati wa kingo. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, serikali za miji na majimbo zilitambua kwamba zilikuwa na njia zisizo na magari, zilizo tambarare na zinazopita katikati ya vijiji vyenye nyumba za wageni. Lililobaki lilikuwa kutandaza lami au changarawe na kusimika vibao vya kuelekeza wageni.

Danube: Passau hadi Vienna

Njia mashuhuri zaidi ya aina hii ni ile inayotoka Passau, ambako mito ya Inn na Ilz huungana na Danube, hadi Vienna. Wengi huikamilisha kwa wiki moja, wakienda kati ya kilomita 40 na 60 kwa siku. Ni sehemu ya njia ndefu iitwayo EuroVelo 6, inayoanzia pwani ya Atlantiki nchini Ufaransa na kuishia Bahari Nyeusi.

Wasafiri wengi hufuata mkondo kutoka magharibi kwenda mashariki. Mteremko ni mdogo mno kuwa sababu. Sababu hasa ni upepo, ambao mara nyingi huvuma kutoka magharibi na kumsukuma msafiri mgongoni. Sehemu kubwa ya safari ina njia pande zote mbili za mto, na feri ndogo huvusha watu na baiskeli zao. Karibu na Schlögen, mto hukutana na mwamba mgumu na kugeuka ghafla kuelekea ulikotoka kabla ya kuendelea na safari yake.

Baada ya jiji la Linz, njia hupita Mauthausen. Juu ya kilima cha mji huo ilikuwako kambi ya mateso ya utawala wa Nazi kati ya 1938 na 1945, ambako makumi ya maelfu ya wafungwa waliangamia, wengi wakibebeshwa mawe kutoka machimboni kupitia ngazi 186. Anayetaka kuzuru mahali hapo hulazimika kuiacha njia tambarare na kupanda mlima.

Kati ya Melk na Krems kuna bonde la Wachau, lililoorodheshwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2000. Ni nchi ya mizabibu na miti ya aprikoti. Juu ya kijiji cha Dürnstein yangali magofu ya ngome ambamo Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza alizuiliwa majira ya baridi ya 1192 na 1193, alipokuwa akirejea kutoka Vita vya Msalaba.

Hata hivyo, ukaribu wa maji una gharama yake. Juni 2013, kina cha Danube mjini Passau kilipita mita 12 na kufurika katika mitaa ya kale. Baada ya mvua kubwa, msafiri hana budi kuuliza hali ya njia kabla ya kuondoka.

Mfereji wa Midi

Kusini mwa Ufaransa, Canal du Midi huunganisha jiji la Toulouse na pwani ya Mediterania kwa umbali wa kilomita 240. Ulichimbwa kati ya 1666 na 1681 chini ya Pierre-Paul Riquet, aliyefariki 1680, miezi michache kabla ya kuzinduliwa. Kilele chake ni Naurouze, mita 189 juu ya usawa wa bahari, na tatizo kuu la Riquet lilikuwa kupata maji ya kutosha kufika hapo. Aliyatoa katika milima ya karibu na kuyahifadhi katika bwawa la Saint-Ferréol. Kutoka Toulouse, mwendesha baiskeli hupanda chini ya mita 60 katika kilomita 50 hivi hadi kilele hicho. Baada ya hapo ni kuteremka tu hadi baharini.

Wageni wengi hudhani kuwa njia yote ni laini. Ukweli ni kwamba lami iko katika kilomita 50 hivi za kwanza kutoka Toulouse. Kwingi mbele ya hapo ni udongo na mizizi, na baiskeli yenye matairi membamba huteseka. Karibu na mji wa Béziers, vyumba vya maji vya Fonserannes vimepangwa kama ngazi na huinua mashua kwa zaidi ya mita 20. Hapo breki huhitajika.

Kilichoupa mfereji huo sifa ni kivuli cha miti aina ya platane iliyopandwa kingoni, takriban 42,000. Mnamo 2006 iligunduliwa kuwa baadhi yao imeshambuliwa na ugonjwa wa kuvu usio na tiba. Tangu hapo makumi ya maelfu imekatwa na kuchomwa ili kuzuia maambukizi, na miti ya aina nyingine inapandwa mahali pake. Kwa hivyo zipo sehemu ambazo leo hazina kivuli, na katika joto la Julai na Agosti ni heri kuondoka alfajiri.

Ziwa Constance

Ziwa hili, ambalo Wajerumani huliita Bodensee, linapakana na Ujerumani, Austria na Uswisi. Kulizunguka ni takriban kilomita 260, yaani siku tano au sita za mwendo wa starehe. Wengi huzunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa. Kwa kuwa huko watu huendesha upande wa kulia, hali hiyo huwaweka karibu na maji. Aliyechoka anaweza kufupisha safari kwa kupanda feri kati ya Konstanz na Meersburg.

Lakini kuna tofauti na mito. Ziwani vyombo vilisafiri kwa matanga na makasia, havikukokotwa kutoka ufuoni. Kwa hivyo hakuna ukanda wa kale uliorithiwa, na mara kwa mara njia hulazimika kuuacha ufuo na kupita nyuma ya nyumba za watu binafsi au kando ya barabara kuu.

Maandalizi

Baiskeli ya kawaida yenye gia chache inatosha, almuradi iwe na breki imara, kengele na matairi ya upana wa wastani. Kiti hurekebishwa hivi: mwendeshaji anapokalia na kukanyaga pedali ya chini kwa kisigino, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini kuliko hapo, magoti huuma kabla ya adhuhuri.

Mpira wa ndani wa akiba, pampu na vifaa vya kuziba pancha ni vya lazima, maana fundi anaweza kuwa mbali. Anayeanza asizidi kilomita 40 kwa siku. Katika njia za mifereji, wenye kutembea kwa miguu hupewa nafasi ya kwanza, mwendo hupunguzwa chini ya madaraja mafupi, na watoto huwekwa upande ulio mbali na maji.

Hali hapa nchini

Kenya, baiskeli imekuwa kwanza chombo cha kazi. Boda boda zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria na mizigo mpakani Busia, muda mrefu kabla ya pikipiki kulichukua jina hilo. Isitoshe, mito yetu haikukokotewa matishari, hivyo hapakuwa na sababu ya kuacha ukanda wazi kando yake. Katika Ziwa Naivasha, sehemu kubwa ya ufuo imepakana na mashamba ya maua, hoteli na makazi ya watu binafsi, na viboko hutoka majini kulisha usiku. Wapenda baiskeli hugeukia mbuga jirani ya Hell's Gate, ambako wanaruhusiwa kuendesha miongoni mwa pundamilia na twiga.

Jijini Nairobi, mfano ulio karibu zaidi ni Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, mito, maporomoko ya maji na njia za baiskeli. Njia zake zina miinuko na si tambarare kama za Danube, lakini hazina magari mengi. Msitu huo ulinusurika kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walipinga kugawanywa kwa ardhi yake miaka ya 1990, na Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti. Bustani ya Michuki, kando ya Mto Nairobi, nayo ilikuwa jaa la taka hadi ilipoanza kusafishwa mnamo 2008, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira.

Ulaya iliachiwa kingo zake wazi na farasi na amri za wafalme. Mahali ambapo urithi huo haupo, njia ya baiskeli kando ya maji huanza na uamuzi wa kuzuia ukingo usijengwe. Lami na vibao vinaweza kufuata baadaye.