Kukamata na Kuachia: Maneno ya Joto na Maji katika Njia ya Tabora

Katika kazi ya kutafuta istilahi, mara nyingi twashughulikia majina ya vitu tukayasahau matendo yake. Kitu kikishapata jina, huonekana kama kwamba kazi imekwisha. Lakini fundi haagizwi kwa majina peke yake. Huagizwa kwa vitenzi: funga, fungua, kaza, legeza. Kitenzi kikikosewa, jina sahihi halitamwokoa. Katika makala haya twakusudia kulionyesha jambo hili kwa kukichunguza kifaa kimoja cha gari, yaani klachi ya feni ya injini, na kwa kuifuata njia ambayo tangu zamani imewalazimisha wasafiri kuwa na maneno barabara ya joto na maji: njia ya misafara itokayo pwani kwenda Tabora.

Maneno ya wapagazi

Katika karne ya 19 njia kuu ya bara ilitoka Bagamoyo na vijiji vya jirani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe ilipo Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Waingereza Richard Burton na John Speke waliondoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu huko Tabora, tarehe 7 Novemba. Mwendo huo ulichukua zaidi ya miezi minne. Mizigo ilikwenda kichwani na begani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi.

Desturi ya msafara ilikuwa kuondoka alfajiri na kupiga kambi kabla ya jua la adhuhuri. Hata hivyo, palikuwa na sehemu mbili ambazo desturi hiyo haikuziweza. Ya kwanza ni Marenga Mkali, magharibi ya Mpwapwa, ambayo jina lake lina maana ya maji makali, yaani maji ya chumvi. Ya pili ni Mgunda Mkali, pori la ukame lililotenga Ugogo na Unyamwezi. Mgunda ni shamba katika lugha za bara, na ukali unaotajwa ni ule wa jua. Majina yote mawili yameungwa kwa neno la bara na neno la Kiswahili, jambo lionyeshalo ni nani waliokuwa wakisemezana njiani. Aliyeuvuka Mgunda Mkali akielekea magharibi alifika Tura, mahali ambapo jina lake Burton alilieleza kuwa ni amri ya kutua mizigo. Tura ingali kituo katika Reli ya Kati.

Katika sehemu kama hizo msafara ulifanya terekeza. Watu walipika na kula mchana, wakajaza maji vibuyu, wakaondoka alasiri, wakaenda hadi usiku, wakalala pasipo maji, na alfajiri wakaondoka tena ili wafike penye maji kabla jua halijawa kali. Neno moja lilibeba utaratibu mzima. Mpagazi aliposikia kwamba kesho ni terekeza, hakuhitaji kuambiwa ajaze kibuyu chake. Ndiyo sababu Burton, na baada yake Stanley, hawakujisumbua kulitafutia tafsiri. Waliliandika hilohilo katika vitabu vyao vya Kiingereza.

Yafaa tuangalie maneno hayo yamefikia wapi. Posho, iliyokuwa chakula cha siku cha mpagazi, sasa ni fedha anayolipwa mtumishi akiwa safarini. Hongo, iliyokuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtemi, sasa ni jina la kosa la jinai. Nayo terekeza imetoweka katika matumizi ya kila siku, na anayelisikia leo huenda akadhani limekusudiwa kutelekeza, yaani kuacha mtu bila matunzo. Twajifunza kwamba neno la kazi huishi maadamu kazi ipo. Kazi ikibadilika, neno hubadilika nayo au hufa.

Kutoka garimoshi hadi lori

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mwendo wa miezi ukawa wa siku chache. Wananchi waliupa mtambo ule jina kwa kile walichokiona: gari la moshi, kisha garimoshi. Lakini shida ya zamani haikuondoka. Injini ya mvuke nayo huyahitaji maji, na nyingi zaidi ya msafara mzima wa wapagazi, hata ikabidi viwekwe vituo vya kujazia maji njiani. Nchi ile ile kavu ilikuwa inadai ushuru wake kwa namna nyingine.

Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja mashine nyingi kwa mkupuo. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36, ulichagua Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ipo karibu na njia ya zamani ya misafara; Urambo, magharibi ya Tabora, ndiko yalikokuwa makao ya Mtemi Mirambo. Matrekta mengi yaliyoletwa yalikuwa yamekwisha kutumika kwingine, na ardhi ngumu na vumbi viliyaharibu upesi. Mpango ulishindwa kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni dhahiri: mashine huja na mazoea ya nchi ilikotengenezwa.

Pamoja na mashine hizo, na magari yaliyozifuata, yalienea maneno ya karakana: injini, rejeta, feni, mkanda wa feni, klachi, puli, vali, gasketi. Hayakutoka katika kamati yoyote. Yalitoka vinywani mwa madereva, mafundi na utingo. Pamoja nayo kikaja kitenzi ambacho ni cha Kiswahili kitupu: gari limechemsha. Hakisemi kwamba joto limezidi kiwango; chasema kile dereva anachokiona akifungua boneti. Kila dereva akielewa, naye hujua la kufanya: asimame, azime injini, wala asifungue mfuniko wa rejeta kabla haijapoa.

Feni yenyewe ina historia yake katika lugha yetu. Kipepeo na upepeo ni vitu vya mkononi, kutokana na kupepea. Panka limetoka Bara Hindi. Pangaboi lilikuwa jina la mtoto au mtumishi aliyevuta panka juu ya vichwa vya wakubwa. Mtumishi alipoondoka na umeme ukaja, jina lilihamia kwenye kifaa cha darini. Hakuna fundi aitaye feni ya injini pangaboi, wala kipepeo. Watumiaji wenyewe wamekwisha kugawa maneno: kila moja na mahali pake. Mfasiri hana budi kuuheshimu mgawanyo huo.

Klachi ya feni na kazi yake

Katika magari ya zamani feni ilizungushwa na mkanda moja kwa moja, nayo ilizunguka wakati wote, injini iwe ya moto au ya baridi. Hiyo ni hasara, kwa kuwa nguvu inayoliwa na feni huongezeka upesi mno: mwendo wake ukizidi mara mbili, nguvu inayohitajiwa huzidi mara nane. Ndipo ikabuniwa klachi ya feni, ambayo imeenea katika malori na magari ya porini, kama vile Toyota Land Cruiser, tunayoyaona kila siku katika wilaya zetu.

Ndani yake mna sahani inayozungushwa na injini, na nje mna kasha linaloshika mapanga ya feni. Vitu hivi viwili havigusani. Kati yao mna nafasi nyembamba ya mifereji, na kando mna chumba cha akiba chenye oili ya silikoni. Mbele ya kasha pamefungwa springi bapa iliyoviringwa, ya metali mbili zilizobanwa pamoja, ambayo hupokea hewa itokayo kwenye rejeta. Hewa hiyo ikiwa ya moto, springi hujipinda na kufungua vali. Oili hutoka katika akiba, huingia katika mifereji, na kwa mnato wake sahani hulikokota kasha. Hapo mafundi husema feni imekamata. Hewa ikipoa, vali hufunga, oili hurudi katika akiba, na kasha hubaki nyuma ya sahani. Hapo husema feni inateleza, au imeachia.

Msomaji ameona mtego ulipo. Vali inapofunguka, feni hukamata. Vali inapofunga, feni huachia. Matendo hayo mawili huenda kinyume. Lugha za kigeni zina vitenzi vyake vya kuepa mgongano huo. Sisi tukichukua jozi ya funga na fungua, tuliyoizoea katika mlango na kufuli, tukaitumia kwa vali na kwa klachi pia, tutakuwa tumeandika maagizo mawili yanayopingana kwa maneno yale yale.

Kuirekebisha kwa ajili ya joto

Tatizo hili si la vitabuni tu. Tabora ipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi, na huko maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta usioshika shinikizo ni hatari zaidi huko kuliko pwani. Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, jua ni kali na barabara za vijijini zimejaa mchanga. Lori lililojaa tumbaku likipanda mchangani kwa gia ndogo halipati upepo wa mwendo wake. Pumzi yake yote ni feni. Mbegu za majani nazo huziba mianya ya rejeta. Klachi iliyopangiwa nchi za baridi huenda ikachelewa kukamata, na oili yake ikiwa imechakaa haikamati sawasawa.

Mafundi wana njia tatu. Ya kwanza ni kubadili oili ya silikoni na kutia yenye mnato mkubwa zaidi. Oili hii hupimwa kwa senti-stoki, na hupatikana ya 3,000, ya 6,000 hata ya 10,000; kadiri mnato unavyozidi, ndivyo feni inavyokamata kwa nguvu zaidi. Ya pili ni kulifungua kasha na kusogeza kidogo bamba la vali ili lifunguke mapema, yaani kwenye joto dogo kuliko lile la kiwandani. Ya tatu ni kuliunga kasha na sahani kwa bolti, ili feni isiachie kamwe.

Njia mbili za kwanza ni marekebisho. Ya tatu ni dawa ya dharura, ya kumfikisha mtu nyumbani. Feni isiyoachia hula mafuta, huchelewesha injini kupata joto lake asubuhi, na huchosha beringi za pampu ya maji. Gari likivuka mbuga iliyojaa maji wakati wa masika, mapanga yanayokamata kwa nguvu yaweza kujipinda mbele yakatoboa rejeta. Zaidi ya hayo, hakuna njia hata moja inayofaa kabla ya kusafisha rejeta, kukagua mkanda, na kupima mfuniko na themostati.

Sasa tuseme mfasiri apewa mwongozo wa matengenezo kwa ajili ya karakana ya wilaya, naye aandike: "Katika sehemu za joto, klachi ifunguke mapema." Yeye amekusudia vali. Fundi aliyezoea klachi ya gia, ambayo kwake kufunguka ni kuachia, ataielewa sentensi kwamba feni iachie mapema. Atasogeza bamba upande usiofaa. Gari litachemsha njiani, gasketi itaungua, huenda na silinda hedi ikapinda. Na kama gari hilo ndilo la kubebea wagonjwa, hasara haitahesabiwa kwa shilingi. Kila jina katika sentensi ile lilikuwa sahihi. Kitenzi ndicho kilichoharibu.

Mapendekezo

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, majina ya karakana yaliyokwisha kukubalika, yaani rejeta, feni, klachi ya feni na vali, yaachwe yalivyo. Pili, funga na fungua vitumike kwa vali peke yake. Kwa klachi vitumike kamata, teleza na achia, ambavyo mafundi wanavyo tayari. Tatu, kwa tendo la kuondoa joto tuandike kupoza. Kupooza, ingawa wapo wanaolitumia kwa maana hiyo, lina maana nyingine ya kufa ganzi kwa viungo, na si vema injini iagizwe kupooza. Nne, kila orodha ya istilahi za ufundi iwe na safu ya vitenzi kando ya safu ya majina, na safu hiyo isomwe kwa sauti mbele ya fundi kabla haijapigwa chapa.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967, na tangu hapo maelfu ya istilahi yamepitishwa. Zilizopokelewa kwa urahisi ni zile zilizomkuta mtumiaji akiwa na haja nazo, zikasema lile analolitenda. Wapagazi wa njia ya Tabora hawakuwa na kamati wala kamusi, lakini neno lao la kuvukia ukame halikumwacha mtu katika shaka juu ya lini ajaze maji na lini aondoke. Mwongozo wa kupoza injini wapaswa kufikia kiwango hicho hicho.