Kilima cha Old Kampala

Old Kampala ni kilima kilichopo katikati ya jiji la Kampala, Uganda. Mashariki yake kuna Nakasero, kaskazini Makerere, magharibi Namirembe na kusini Mengo. Wageni wengi hukijua kwa Msikiti wa Kitaifa wa Uganda, uliofunguliwa rasmi mwaka 2008. Kwa wanaosoma umbo la ardhi, kilima hiki na jirani zake ni masalia ya uwanda mmoja wa kale ambao mvua na mito vimeukata vipande.

Kapteni Frederick Lugard, Mwingereza, alifika hapa Desemba 1890 na kujenga ngome. Mengo ilikuwa makao ya Kabaka Mwanga II, mfalme wa Buganda, na kwenye kilima cha Rubaga walikuwepo wamisionari Wakatoliki. Lugard akachukua kilima kifupi chenye changarawe, na changarawe hiyo ndiyo mwanzo mzuri wa kueleza historia ya kilima hiki.

Mwamba na gamba lake

Chini ya Kampala kuna miamba ya shisti, filiti na kwatsaiti. Ilianza kama tope na mchanga uliotuama majini takriban miaka bilioni 2 iliyopita, kisha ikakandamizwa na kuiva kwa joto la ndani ya dunia. Ilipofika juu ya ardhi, kazi ikawa ya mvua. Maji yenye asidi hafifu hupenya nyufani, huyeyusha silika, chokaa na potasi, na kuziondoa. Chuma na alumini haviyeyuki kirahisi, hivyo hubaki. Maji ya ardhini yakipanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, chuma hujikusanya na kuganda kuwa lateraiti. Mafundi wa barabara huiita murramu.

Mteremko ukichongwa kwa ajili ya msingi wa nyumba, tabaka zote huonekana. Juu kuna udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake kuna kokoto nyekundu za chuma, nyingine ndogo kama punje za kunde, nyingine zimeshikana mpaka sururu inadunda. Kisha hufuata udongo wa mfinyanzi wenye mabaka mekundu na meupe, na mwisho mwamba uliooza, unaovunjika kwa vidole ingawa mistari yake ya asili bado inaonekana.

Uwanda uliokatwa

Ukitazama kutoka juu ya mnara wa msikiti, vilele vingi vya Kampala vinakaribiana kwa kimo na baadhi ni bapa. Edward James Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa idara ya jiolojia ya Uganda iliyoanzishwa mwaka 1919, alieleza kwamba vilele hivyo ni mabaki ya uwanda wa kale uliosawazishwa na mmomonyoko. Vilima vya Kampala havikusukumwa juu kimoja kimoja. Mito ndiyo iliyochimba mabonde na kuviacha vimesimama.

Lateraiti iliamua kipi kidumu. Ilipobaki nzima, kilima kilihifadhi kichwa bapa na kingo kali. Ilipovunjika pembeni na kuporomoka, udongo laini wa chini ulichukuliwa na mvua, kilima kikapungua na kuwa mviringo. Kololo, chenye takriban mita 1,311 juu ya usawa wa bahari, ni kati ya vilima virefu zaidi. Old Kampala ni kati ya vile vilivyoliwa zaidi.

Mito iliyogeuzwa

Mabonde yenyewe yana historia ya mbali. Zamani mito ya Kagera, Katonga na Kafu ilitiririka kuelekea magharibi, hadi bonde la Kongo. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa lilipopasuka, kingo zake ziliinuka na kuizuia mito hiyo. Maji yakarudi nyuma na kujaza sehemu za chini: Ziwa Viktoria, linalokadiriwa kuwa na miaka takriban 400,000, na Ziwa Kyoga. Katonga hadi leo ina kinamasi ambako maji hugawanyika, mengine yakienda mashariki na mengine magharibi.

Ziwa Viktoria halikutulia. Katika kipindi cha ukame mkali lilikauka, likajaa tena karibu miaka 15,000 iliyopita. Linaposhuka, mito huchimba zaidi. Linapopanda, midomo ya mabonde huzama na kujaa tope na mafunjo. Ndiyo maana Ghuba ya Murchison ya ziwa hilo imeingia ndani ya nchi kavu, na mabonde mengi ya Kampala yana sakafu tambarare yenye kinamasi. Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha mji wa Jinja na kuvuka rekodi ya mwaka 1964.

Mvua ya leo

Kampala hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Machi na Mei na kati ya Septemba na Novemba. Jiji liko kwenye mgawanyo wa maji. Mkondo wa Nakivubo, unaopita chini ya Old Kampala karibu na soko la Owino, unamwaga katika Ziwa Viktoria. Upande wa pili, maji huenda kinamasi cha Lubigi, kisha mito ya Mayanja na Kafu, hadi Mto Nile.

Mteremko wenye nyasi hunywa sehemu ya mvua. Mapaa ya mabati na lami havinywi, kwa hiyo maji hukimbia, huchimba makorongo kando ya njia na kushusha udongo mwekundu hadi mtaa wa Kisenyi na soko la Owino. Mkondo wa Nakivubo hujaa mchanga na taka, mamlaka ya jiji huuzoa, na masika yanayofuata huujaza tena. Mafunjo ya kinamasi cha Nakivubo hunasa sehemu ya udongo huo. Pale yalipofyekwa kwa ajili ya magimbi na nyumba, udongo hufika Ghuba ya Murchison, ambako mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa ya Kampala.